Spika Mbili za Baba Nafula

Jumanne, 3 Juni

Wufa ya TV imekufa. Nilikuwa nahesabu mikono ya sweta za shule ninazofuma, nimefika thelathini na moja, ikapiga pu! na moshi kidogo. Harufu ya waya. Hesabu ikapotea. Nikaanza upya.

Sishangai. Kifaa cha watu watatu kufanyishwa kazi ya kanisa zima. Baba Nafula akitoka kwa posho mill yake kule Kaptembwa, hata kabla ya kuvua koti lenye unga, anaongeza sauti. Taarifa ya habari inavuka ukuta. Mama Chege wa mlango wa pili aliniambia wiki jana ati hanunui tena betri za redio, anatumia yetu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa tununue nini, na haraka. Jumamosi tarehe ishirini na nane wageni wa Nafula wanakuja. Watu wa Kibet, mchumba wake, kutoka Keringet, kujulishana rasmi na kumwomba msichana. Ni mtoto wetu wa kwanza na wa pekee. Sitting room lazima iwe sitting room. Siwezi kupokea watu wa heshima na TV inayokoroma.

Nilimwambia Baba Nafula kutoka jikoni kwamba lazima tuongee juu ya hiyo wufa. Akasema, "Hakuna shida."

Hilo ndilo jibu lake siku hizi. Paa linavuja, hakuna shida. Kuku ameibwa, hakuna shida. Kisha hafanyi kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Tumeongea. Mungu anipe subira.

Mimi nataka soundbar. Kitu kimoja, chembamba, kinalala chini ya TV kama rula. Waya mmoja kwa TV, mwingine kwa soketi, basi. Nafula alinionyesha kwa simu. Inapendeza.

Yeye anataka amplifaya na spika mbili za mbao, zile za kufika kiunoni. Anasema spika hizo hazina stima yao, zinalishwa na amplifaya kwa waya, kwa hivyo kitu kimoja kikiharibika fundi anatengeneza hicho kimoja. Soundbar ikifa ni takataka. Hapo nakubali ana maneno. Anasema pia amplifaya ina vifundo: besi unazungusha kivyake, sauti nyembamba kivyake. Alieleza mpaka akasimama. Mtu ambaye mwezi mzima hajanipa sentensi ya maneno matano!

Lakini ziwekwe wapi? Nimepima kwa hatua. Makochi, stuli, kabati la vyombo, TV, na wageni kumi na wawili. Spika mbili zenye urefu wa mtoto wa darasa la pili zisimame wapi? Mlangoni zikaribishe watu? Na waya zikate sakafu, mzee wa Keringet ajikwae, tuanzie ukwe wetu hospitalini?

Nilimwuliza hayo yote nikipanga vikombe kabatini. Hakujibu hata moja. Nilipogeuka alikuwa ametoka kuangalia kuku.

Jumamosi, 7 Juni

Dukani kwa Harjit, mjini. Yule mzee Singasinga anayeuza redio tangu niolewe. Babake alifanya kazi reli na baba mkwe wangu, kwa hivyo pale tunaketishwa kwanza, tunaulizwa habari za wote mpaka waliokufa.

Akatuwekea kwaya, wimbo huohuo, mara ya kwanza kwa soundbar, mara ya pili kwa amplifaya. Mimi nilisikia tofauti, sisemi uongo. Zile spika zinajaza chumba. Lakini soundbar inatamka. Maneno yote nilisikia. Nikasema, hii inatutosha.

Baba Nafula akaenda kwa soundbar akaiwekea kiganja. Akatikisa kichwa. Akaenda kwa spika, akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao, akafumba macho. Akatabasamu. Duka limejaa watu! Kama mtu anayepima mtoto homa. Najua huko kwake anafanya hivyo, anagusa bati la mashine na kujua chekeche imepasuka, bila kufungua. Lakini pale tulikuwa kwa watu.

Harjit akanivuta kando karibu na feni. "Mama, huyu bwana yako anasikia na macho."

Maneno ya mfanyabiashara. Alitaka tu niuziwe mzigo mkubwa. Nikamwambia Baba Nafula hata na pua angesikia kama angependa.

Tumerudi mikono mitupu, tumenuniana.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani alibaki amesimama, watu wote wameketi. Nikamvuta koti. Anasema alikuwa anaomba. Kuomba gani, na macho yanazunguka?

Jumatano, 11 Juni

Nimenunua soundbar. Mwenyewe. Nilimwambia asubuhi akifunga viatu kwamba leo naenda kuichukua, kama ana neno aseme sasa. Akasema hakuna shida. Sawa basi. Haikuwa shida.

Imekaa vizuri. Nimeifumia kitambaa chake, cheupe, pembeni maua ya samawati, kufanana na vile vya makochi. Sasa hata vumbi la Nakuru litatafuta pengine.

Aliiona aliporudi. Alisimama na koti lake la unga akaitazama, akanitazama, akaenda kuoga. Ningependa hata angefoka. Nyumba ina watu wawili na mmoja amekuwa kabati.

Ijumaa, 13 Juni

Nafula alikuja jioni kutoka shule anayofundisha Njoro, akacheka mpaka akakaa chini. Ati nimeivisha soundbar sweta. Ati sauti inatokea mbele, na mimi nimeifunika mbele. Chini ya kitambaa hata ile plastiki ya dukani sijatoa. Haya, mimi nijue wapi? Kitambaa kimerudi nyuma kidogo. Plastiki nimeiacha pembeni, inazuia mikwaruzo.

Sasa inasikika safi. Nafula anasema safi. Mama Chege kupitia ukuta anasema afadhali. Ni mtu mmoja tu katika Nakuru nzima ambaye haridhiki. "Haisemi hii," anasema. Anaongeza. Ishirini. Arobaini. Hamsini.

Kinachoniudhi ni hiki: anachagua. Msomaji wa habari akiwa pale mbele, Baba Nafula anafuata yote, hata anagombana na wabunge. Wakileta picha za barabara na mtu anaongea kwa nyuma, anaanza: "Anasema nini? Anasema nini?" Nikimwambia anasema nini, ananiuliza mimi nimesema nini. Mtu mzima kabisa. Nikaingia jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka ukawa jiwe.

Jumanne, 17 Juni

Tumegombana. Nimechoka na huyu mtu.

Kisa ni viti. Nilimwambia Jumapili, nikiwa nafagia, akaombe viti kumi vya kanisa kabla vichukuliwe na watu wa matanga. Hakuna shida! Leo nimempigia simu mzee wa kanisa, vimechukuliwa. Baba Nafula anasema sikumwambia. Anaapa. Mbele yangu, na mimi ndiye niliyesema!

Kuongea naye ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Hilo alisikia. Aliangalia mikono yake, akaenda mill mapema kuliko kawaida.

Na kwa sababu hakuna atakayesoma hapa, niandike. Viti si kitu. Mwaka ule Mama alipofariki, tulitoka kumzika Jumapili. Jioni hiyo nilikuwa nakata sukuma wiki, mgongo wangu kwake, sikuweza hata kugeuka. Nikamwambia kesho asifungue mill. Akae na mimi tu, tunywe chai, asiniache peke yangu nyumbani hiyo asubuhi. Ilinigharimu kusema. Mimi si mtu wa kuomba. Akasema, "Hakuna shida." Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nikasikia mlango.

Miaka minne sasa. Sijamwambia. Sijasahau hata siku moja.

Jumapili, 22 Juni

Amezileta. Mkokoteni mzima, baada ya ibada, watu wa kanisa wakitazama. Amplifaya ya zamani na spika mbili za mbao, mitumba, Harjit amemtafutia. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia wageni ni wiki hii, nimepaka rangi, nimepanga, vitu hivyo haviingii. Vikaenda stoo, kati ya gunia la wimbi na baiskeli.

Hakubishana. Alizifunika na gunia, polepole, akakung'uta vumbi juu ya moja kwa mkono. Angegombana ningejisikia vizuri zaidi.

Jumatano, 25 Juni

Viti: vimepatikana shule ya msingi. Mapazia yamefuliwa. Kuku wanne wamehesabiwa siku zao. Shemeji Wanjala, kaka mkubwa wa Baba Nafula, amepiga simu kutoka Webuye: kama ndugu yake hajiwezi kusema, yeye yuko tayari kuja kumsemea. Siku hizi, anasema, ukiongea naye kwa simu hueleweki. Baba Nafula nilipomweleza alikasirika mpaka mishipa ikatoka. Baba wa msichana akiwa hai anajibu mwenyewe. Anayesemewa ni maiti au mgonjwa. Wanjala asije.

Haya. Asije.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui niandike vipi.

Walifika saa sita, kumi na wanne, si kumi na wawili. Watu wazuri. Maziwa ya mursik, blanketi, heshima tele. Nyumba ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nimeweka nyimbo za dini kwa soundbar, chinichini, nyumba ipendeze. Nilijivunia.

Msemaji wao ni mjomba wa Kibet, mzee mrefu, mpole. Kwao mtu wa heshima hapazi sauti. Na akiongea huweka kiganja mdomoni. Alikaa pembeni ya dirisha, mwangaza nyuma yake. Baba Nafula alikaa upande wa pili na suti yake ya arusi yetu, ameinama mbele kama mwanafunzi, akiitikia kwa kichwa kila neno.

Mzee akashukuru. Akasifu. Baba Nafula akatabasamu. Kisha mzee akasema wana ombi moja kabla ya mengine yote. Nyumbani Keringet kuna ng'ombe wa maziwa wengi na mamake Kibet amechoka. Wangependa baada ya arusi msichana aache kazi ya kufundisha, ahamie huko kabisa, ashike boma. Baba anaonaje?

Nikashika kiti. Nafula alingoja kazi hiyo miaka sita. Miaka sita akifundisha hapa na pale kwa vibarua, akilia chooni ili tusisikie. Barua ya kuajiriwa ilikuja Januari. Iko kwenye fremu, ukutani, juu ya kichwa cha babake.

Baba Nafula akaitikia kwa kichwa. Akatabasamu. Akasema kwa sauti kubwa nyumba nzima isikie: "Hakuna shida!"

Mama zao wakapiga vigelegele.

Nafula aliweka trei chini, akatoka. Kibet akamfuata, uso umemwisha damu. Hata yeye hakujua mjombake angesema hilo. Na mimi nikatabasamu. Nikagawa kuku. Ningefanya nini? Neno la baba mbele ya wageni limeshatoka.

Walipoondoka nilimwambia kila kitu kinachoweza kuambiwa mwanamume. Nilikuwa naosha sufuria. Sikumwangalia, ningemrushia moja.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Nafula amelala chumbani, hali, hasemi na babake.

Saa nne hivi Baba Nafula akaja jikoni. Akaniuliza, polepole, mtoto analia nini. Kama ni kuogopa ndoa nimwambie asiogope, watu wale ni wazuri.

Nikaanza tena. Nikamwambia asinifanye mjinga. Nikageukia sinki nikaendelea, umemuuza mtoto wako kwa vigelegele, kazi yake, miaka yake sita, umempa ng'ombe awe mwalimu wao. Nilisema mengi. Kisha nikanyamaza kuvuta pumzi. Kimya. Nikageuka.

Alikuwa amesimama palepale. Ananitazama mgongo. Anangoja nianze kuongea.

Sijui ni nini kilinishika. Nikageuka tena kwa sinki, nikasema, si kwa sauti kubwa, sauti yangu ya kila siku: "Baba Nafula, nguo yako inaungua moto."

Kimya.

Nikasema, "Nyoka yuko mguuni mwako."

Kimya. Maji ya bomba tu.

Nikafunga bomba. Nikamgeukia, nikamtazama usoni, nikasogeza midomo bila kutoa sauti hata kidogo: unataka chai? Akajibu, "Ndiyo, lakini usiweke sukari nyingi."

Nikakaa chini sakafuni, kwenye maji.

Anasikia na macho. Harjit aliniambia dukani, wiki tatu zilizopita, na mimi nikaleta utani wa pua.

Jumatatu, 30 Juni

Leo nimeenda Kaptembwa. Sijakanyaga pale miaka. Mimi na sweta zangu, yeye na unga wake.

Huwezi kuongea mle ndani. Mashine mbili, bati linatetemeka, meno yanatetemeka. Na hakuna anayeongea. Wateja wanakuja na mifuko, wanamwangalia, mikono inasema. Kidole kimoja juu: saga laini. Viganja vinasuguliwa: koboa kwanza. Ngumi kifuani: naacha hapa, nitarudi. Wengine wanasogeza midomo tu, naye anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Kichwa kilekile, tabasamu lilelile la Jumamosi. Miaka ishirini na tatu amefanya kazi hivyo. Mle ndani ni mtu mwerevu kuliko wote. Nani angejua?

Alizima mashine. Tukakaa nje kwenye magunia, nikamkalia mbele. Nikamwuliza, tangu lini?

Alikuwa na hiyo siri miaka mitano au sita. Kwanza ndege wa asubuhi walinyamaza. Kisha simu. Kisha wahubiri wenye ndevu. Kisha mimi, nikiwa jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema, Wanjala angekuja kuketi kwenye kiti chake siku ya Nafula. Alitaka kumjibia mtoto wake yeye mwenyewe, mara moja tu, kisha angeniambia. Basi alitafuta spika. Alifikiri spika ndiyo mbaya. Au alitaka kufikiri hivyo.

Nikamwambia sasa alichojibu. Neno kwa neno, nikimwangalia. Alishika uso na mikono yenye unga. Sijawahi kumwona akilia tangu babake afe. Hasira yangu sikuijua pa kuiweka. Bado ninayo. Ingeniisha vipi mara moja, miaka yote hiyo? Lakini nilikaa naye mpaka wateja wakaanza kupiga ngumi kifuani kutoka barabarani.

Alhamisi, 3 Julai

Kliniki ya masikio. Wamemwingiza kwenye kijumba kidogo chenye kuta za sponji, vitu vya kusikilizia kichwani, ainue mkono akisikia mlio. Nilimtazama kwa kidirisha. Muda mrefu mkono haukuinuka. Alikuwa amekaa vizuri, mnyoofu, anangoja. Niligeuza uso.

Daktari ni msichana wa rika la Nafula. Alitoa karatasi yenye mstari, unaanza juu na kuporomoka kama njia ya kushuka kreta ya Menengai. Sauti nzito bado anazo kiasi. Nyembamba zimekwenda, na hizo ndizo zinazotenganisha maneno. Hazirudi. Atawekewa vifaa viwili vya kusikilizia, vitachukua wiki kadhaa. Na mashine akiwasha, masikio yafunikwe, ingawa ameshachelewa.

Nikamwuliza, na aibu kidogo, soundbar au spika za amplifaya? Akacheka. Hakuna spika inayotibu sikio. Lakini akasema mzee akae karibu na sauti inapotoka, apunguziwe besi, aongezewe nyembamba kwa kifundo kama kipo. Mtu akiongea, TV izimwe. Na aongee akimwangalia, mwangaza usoni.

Nyimbo zangu za chinichini. Mzee dirishani, mwangaza mgongoni. Ni mimi niliyepanga viti.

Jumamosi, 5 Julai

Keringet. Kibet alikuja kutuchukua alfajiri na gari la rafiki yake. Baridi ya kuuma mifupa. Nafula alikaa nyuma na mimi, hakusema kitu njia nzima, lakini alimfunga babake skafu.

Nilikuwa nimemwambia Baba Nafula niseme mimi. Alikataa. Wanjala alipopata habari alitaka kuja, alikataliwa pia.

Mjomba alitupokea nje, uani, ng'ombe wakikamuliwa. Baba Nafula hakukaa. Alienda akasimama mbele yake, hatua moja, kofia mkononi. Akasema, mzee, mimi ni kiziwi. Si kidogo. Siku ile sikusikia ulichoniuliza, nikakujibu kwa kichwa kama ninavyojibu wateja wangu. Makosa ni yangu. Naomba uniulize tena, na unionyeshe mdomo.

Yule mzee akatoa kiganja mdomoni. Meno ya mbele hana, matatu yamekwenda. Kumbe ndiyo anayoficha. Akauliza tena, polepole, kila neno.

"Hapana," Baba Nafula akasema. "Hilo nakataa. Kazi yake haachi. Mengine tutaongea."

Nafula alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Mzee akasema yeye mwenyewe alirudi nyumbani siku ile akishangaa, baba gani anamtoa binti upesi hivyo bila hata kukohoa. Sasa anajua anaongea na nani. Ng'ombe watatafutiwa mtu. Wakacheka, mmoja bila meno, mwingine bila masikio. Chai yao ina moshi. Nilikunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 13 Julai

Soundbar ameichukua Nafula, na kitambaa chake. Nyumba yake ya Njoro ni ndogo, itamfaa. Plastiki ametoa yote.

Tumezitoa zile spika stoo. Moja kwenye kona. Nyingine imekaa kando ya kiti chake, imegusana na mkono wa kiti. Haifai kwa macho. Waya unapita sakafuni, nimeushonea kipande cha zulia juu. Kifundo cha besi chini, kile cha nyembamba juu kabisa. Mimi nasikia kama mtu anakatakata bati. Yeye anasema sasa inasema, kidogo. Sauti haivuki ukuta tena kama zamani. Anaweka kiganja juu ya mbao na kusikiliza, nami nimeacha kuona aibu.

Jioni nilizima TV. Nikavuta stuli nikaketi mbele yake, karibu na taa. Nikamwambia lile la Mama. Sukuma, mgongo wangu, asifungue mill, chai. Nilimwambia polepole. Mahali pamoja aliniambia, "Rudia," nikarudia.

Hakusema hakuna shida.

Jumatatu, 14 Julai

Mill imefunguliwa saa nne leo. Kibet alipita Kaptembwa, anasema watu walikuwa wamejipanga na mifuko mpaka barabarani.

Tulikunywa chai.